Mpaka wa 1910 usiwe kisingizio cha kuua watu 2025

Januari 27, 2025, wakati waasi wa M23 wakiingia Goma, mashariki mwa Kongo, makombora yalivuka mpaka na kuangukia makazi ya raia wilayani Rubavu, Rwanda. Wako waliokufa majumbani mwao, wako waliobaki na majeraha. Siku mbili baadaye mamluki zaidi ya 280 kutoka Ulaya, wengi wao raia wa Romania, waliokuwa upande wa serikali ya Kongo, walivuka hapo hapo mpakani. Walipekuliwa, wakapakiwa kwenye mabasi kwenda Kigali, na kutoka huko wakarudishwa makwao. Aliyekuja kupigana kwa mshahara alikuwa na kwao pa kurudi. Muuza mboga wa Mbugangari huko Rubavu, ambaye nyumba yake inatazamana na mtaa wa Birere ng'ambo, hakuwa na pa kukimbilia.

Msimamo wetu ni huu: vita vya mashariki mwa Kongo havina uhalali, na historia ya mpaka haiwezi kuvipatia uhalali huo. Serikali ya Kigali na serikali ya Kinshasa zote zina hatia, kila moja kwa makosa yake.

Tuanze na mpaka wenyewe. Mwaka 1910 Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walikaa Brussels wakagawana nchi za Kivu. Kisiwa cha Idjwi kikaenda kwa Wabelgiji, Gisenyi, mji wa Rubavu ya leo, ikabaki kwa Wajerumani. Wenyeji hawakuulizwa neno. Huo ulikuwa udhalimu, na hatuoni sababu ya kuupamba.

Hata hivyo, Julai 1964 jijini Cairo, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikata shauri kwamba mipaka iliyorithiwa siku ya uhuru iheshimiwe. Hawakufanya hivyo kwa kuwapenda wakoloni. Walijua kuwa ukiifungua kesi ya mpaka mmoja, umezifungua zote. Idi Amin wa Uganda alipuuza shauri hilo. Novemba 1, 1978 alitangaza kuwa ardhi yote ya Tanzania iliyo kaskazini mwa Mto Kagera ni ya Uganda, akidai mstari wa wakoloni ulichorwa vibaya. Aprili 11, 1979 Kampala ilianguka, naye akakimbia. Tanzania, iliyoshinda, ilitoka vitani uchumi wake ukiwa umevunjika. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na miaka mingi ikapita kabla haijalegezwa. Huo ndio urithi wa vita vya mpaka katika ukanda huu: aliyeshindwa amelia, na aliyeshinda amelia.

Rwanda inasema haidai hata shubiri moja ya ardhi ya Kongo. Tunalipokea neno hilo. Lakini Aprili 2023, akiwa Cotonou, Rais Paul Kagame alisema wazi kwamba mipaka ya kikoloni iliiacha sehemu kubwa ya Rwanda nje, mashariki mwa Kongo na kusini magharibi mwa Uganda. Naye Rais Félix Tshisekedi wa Kongo, katika kampeni za Desemba 2023, aliahidi kwenda bungeni kuomba idhini ya vita na kujigamba kuwa anaweza kuipiga Kigali bila kutoka Goma. Kiongozi wa nchi hana maneno ya mzaha. Akitamka hivyo, vijana wenye mapanga na bunduki husikia ruhusa.

Vyanzo halisi tunavijua. Kwanza, Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu wanaokaribia milioni moja walipita Gisenyi wakaingia Goma katika siku chache. Ndani ya umati huo walikuwamo askari wa jeshi lililoshindwa na wanamgambo wa Interahamwe, wengi wakiwa na silaha zao. Dunia ikajenga kambi, ikagawa chakula, ikaacha wauaji wawatawale wakimbizi. Kundi la FDLR limetokana na mabaki hayo. Kwa hiyo hofu ya Rwanda ina msingi, na Kinshasa haina udhuru: wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza mara kwa mara jinsi jeshi la Kongo lilivyoshirikiana na FDLR vitani.

Pili ni uraia. Wakongo wanaosema Kinyarwanda walipewa uraia kwa sheria ya 1972, wakanyang'anywa kwa sheria ya 1981, wakarudishiwa kwa sheria ya 2004. Taifa linalowachezea raia wake namna hiyo linawaandalia waasi wafuasi.

Tatu ni madini. Mwishoni mwa Aprili 2024 M23 iliteka Rubaya, wilayani Masisi, machimbo yanayokadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia. Wataalamu hao hao wa Umoja wa Mataifa walisema waasi wanakusanya huko ushuru wa takriban dola 800,000 kwa mwezi, na kwamba madini yanavushwa hadi Rwanda. Hapa ndipo hoja ya usalama inapopungukiwa. FDLR haifukuzwi kwa kutoza ushuru wa koltani. Ripoti yao ya Julai 2024 ilikadiria askari wa Rwanda walioko Kongo kuwa kati ya 3,000 na 4,000. Kigali hujibu kwa kutaja "hatua za kujihami". Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kinachoumbuka ni ujirani wa mataifa mawili.

Gharama inaonekana Petite Barrière, kivuko cha Rubavu na Goma ambacho kwa miaka mingi kilikuwa miongoni mwa vivuko vyenye watembea kwa miguu wengi zaidi Afrika. Hapo hupita wanawake wenye mabeseni ya karoti, kabichi na sambaza, na walemavu wanaosukuma baiskeli zao za magurudumu matatu zilizosheheni magunia. Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kuuawa kwa risasi kivukoni hapo, Kongo iliamua mpaka ufungwe saa tisa alasiri. Kwa mchuuzi wa mtaji mdogo, nyanya ambazo hazijauzwa saa tisa ni hasara ya kesho. Goma ilipotekwa, uwanja wake wa ndege na benki zake vilifungwa. Waziri Mkuu wa Kongo, Judith Suminwa, aliuambia mkutano wa Geneva Februari 2025 kuwa watu zaidi ya 7,000 walikuwa wameuawa tangu Januari.

Mikataba haijakosekana. Lusaka 1999. Pretoria 2002. Machi 23, 2009, siku ambayo M23 imejipatia jina. Washington, Juni 27, 2025. Desemba 4, 2025 marais wote wawili walikwenda wenyewe Washington wakatia saini mbele ya kamera. Wiki haikuisha, M23 ikaingia mji wa Uvira.

Basi tunadai haya. Rwanda iondoe askari wake wote Kongo na ikome kuibeba M23. Kinshasa ivunje kabisa uhusiano wake na FDLR, iache kuwapa silaha wanamgambo wa Wazalendo wasio na nidhamu ya jeshi, na iwalinde kisheria na barabarani raia wake wanaosema Kinyarwanda. Wanaonunua koltani wathibitishe ilikotoka, au wahesabiwe kuwa washiriki. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi hizi mbili ni wanachama wake, ilituma kikosi Novemba 2022 na kukiondoa Desemba 2023 bila mafanikio. Isijifiche sasa nyuma ya mazungumzo ya Washington na Doha.

Marais hawa wawili wana uwezo wa kusimamisha vita hivi, na saini zao zimekwishathibitisha kuwa wanajua namna ya kuvisimamisha. Hadi watakapotekeleza walichokitia saini, kila maiti inayozikwa Goma au Rubavu iko mikononi mwao.