Kinyago kizuri, vumbi baya

Msomaji, kinyago cha mawe ya Kisii kilicho mezani kwako huenda kilichongwa Tabaka, kaunti ya Kisii. Huko jiwe huchimbwa, likakatwa kwa msumeno na kusuguliwa kwa msasa, nalo hutoa vumbi laini kama unga.

Vumbi hilo huweza kuwa na talki na silika. Chembe zake hupenya hadi ndani ya mapafu na kuyatia makovu. Mgonjwa hukohoa na kuishiwa pumzi, akadhaniwa ana kifua kikuu. Makovu hayo hayana dawa, lakini kinga ipo: jiwe lisuguliwe likiwa limeloweshwa maji, kazi ifanyiwe nje, na mchongaji avae barakoa ya kuzuia vumbi laini. Kitambaa hakitoshi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwajiri amkinge mfanyakazi wake. Je, wachongaji waliojiajiri watakingwa na nani? Kwa maoni yangu, ni jukumu la kaunti na la wafanyabiashara wanaouza vinyago hivyo ng'ambo.

Nawe ukiwa na ndugu mchongaji anayekohoa, mshauri amweleze daktari kazi anayofanya kabla ya kuandikiwa dawa.