Vipimo Vyote Safi, Mgonjwa Anazidi Kukonda

Makamanda, najua wapo watakaoguna: "Watu mtaani hawana hela ya unga, wewe unatuletea habari za watu wanaokataa kula?" Swali ni halali. Nalijibu hapa, kwa sababu hili nalo ni suala la siasa kama ilivyo bei ya unga.

Kwanza tuelewane. Matatizo ya ulaji ni magonjwa ya akili yanayotambuliwa na Shirika la Afya Duniani. Kuna anoreksia: mtu anajinyima chakula mpaka anabaki mifupa, na akijitazama kwenye kioo bado anajiona mnene. Kuna bulimia: anakula kupita kiasi kwa siri, kisha anajitapisha au anameza dawa za kuharisha. Huyu mara nyingi uzito wake ni wa kawaida, kwa macho humjui. Na kuna anayekula kwa kupitiliza, hawezi kujizuia, lakini hajitapishi. Wanaugua wasichana na wavulana pia. Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Sio maringo wala kudeka.

Ni ya Wazungu? Tazama Fiji, visiwa ambako mwili mkubwa ulikuwa sifa. Televisheni ilifika jimbo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker na wenzake waliwauliza wasichana wa sekondari mwaka huo, hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Walipouliza tena mwaka 1998, kiasi cha asilimia 11 walisema wanafanya hivyo. Hiyo ilikuwa televisheni tu. Sisi leo tuna simu janja kila kona, na dada zetu wanabanwa pande mbili: mtandaoni wanatakiwa kiuno cha nyigu, nyumbani wakikonda wanaambiwa mume hawatunzi.

Na umaskini haumkingi mtu, unamficha tu. Kwenye nyumba yenye mlo mmoja kwa siku, anayeruka huo mmoja nani atamgundua?

Nina binti wa mjomba wangu aliyeanza kukonda baada ya kumaliza kidato cha sita. Kitaa kikahukumu haraka: ngoma hiyo. Akapimwa UKIMWI, hana. Kifua kikuu, hana. Kisukari, hana. Hospitali ikasema vipimo vyote safi, mama mpeleke nyumbani ale. Yakafuata maombezi, kisha mganga wa kienyeji, eti ana jini. Ulipita zaidi ya mwaka ndipo mtu mmoja mwenye taaluma akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: ukikaa mbele ya sahani, unajisikiaje? Tiba ikaanza hapo, kwa fedha taslimu kila kikao, ukoo ukichanga kama wa msiba. Yuko hai. Sasa niambie, asiye na ukoo wa kuchanga anafanyaje?

Maana tiba ipo, jamani, na inafanya kazi. Ni kazi ya timu. Daktari anaangalia moyo na madini ya mwilini, kwa sababu mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukilishwa kwa pupa, fosfeti na potasiamu vinaweza kushuka ghafla kwenye damu na moyo ukasimama. Ndiyo maana "mlazimishe ale" ni ushauri wa hatari. Mtaalamu wa lishe anapanga mlo hatua kwa hatua. Mwanasaikolojia anafanya tiba ya mazungumzo kwa wiki na miezi. Kwa vijana wadogo, wazazi hufundishwa kusimamia kila mlo, kisha kumrudishia mtoto uhuru wake kidogo kidogo. Hakuna mashine ya mabilioni hapo. Panahitajika watu waliosomea, walioajiriwa, na wanaofikika.

Hapo ndipo siasa inapoingia. Mwaka 2001 kule Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi ina umri wa kupiga kura sasa. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Vizuri. Lakini bima inayolipia vipimo ishirini na kuacha vikao vya mwanasaikolojia, kwa mgonjwa kama huyu ni kadi ya kupigia picha. Na afya ya akili kwetu bado ina jina moja tu, Mirembe, tena tunalitumia kama tusi. Mtu wa Kigoma au Tunduru anayehitaji mazungumzo ya saa moja kila wiki, asafiri hadi Dodoma?

Msimamo wangu ni huu. Moja, tiba ya mazungumzo na ya lishe iandikwe wazi kwenye kitita cha msingi cha bima. Mbili, wanasaikolojia waajiriwe hospitali za wilaya. Wahitimu wapo mtaani wanauza vocha. Tatu, maafisa lishe wa halmashauri, ambao nguvu yao kubwa inaishia kwenye udumavu wa watoto, wafundishwe kuzitambua dalili hizi na kujua pa kumpeleka mgonjwa.

Kwa kuanzia, vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Nendeni. Kabla ya kikao mfuateni diwani wenu, awe wa chama chochote, amuulize Mganga Mkuu wa halmashauri: tuna mwanasaikolojia wangapi, na wanakaa kituo gani? Jibu lileteni hapa tulianike, wilaya kwa wilaya.

Na huko mtandaoni, mpinzani wetu apigwe kwa hoja. Tuache kumtukana mtu kwa unene au wembamba wake. Anayesoma matusi hayo ni mdogo wako pia.

Afya ni haki, si hisani!