Picha ya Marehemu Isipungue Njiani



Kigwa, wilayani Uyui, ipo katika njia kongwe ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Unyanyembe. Katika safari kama zile, mzigo uliopungua njiani haukujazwa na aliyeupokea. Leo mizigo ni ya aina nyingine. Kijana yuko Kigwa na simu yenye picha pekee ya marehemu babu yake. Studio ya kuchapa iko Tabora mjini. Anaituma kwa WhatsApp, inachapwa kubwa, nayo inarudi uso umegubikwa na ukungu. Lawama humwendea mchapaji, ilhali picha ilikwisha kupungua kabla ya kumfikia.

Picha ya simu imeundwa kwa vinukta viitwavyo pikseli. Ili sura itoke safi karatasini, huhitajika takriban pikseli 300 kwa kila inchi. Basi tuanze kwa kuchagua karatasi, ndipo tuhesabu. Picha ya inchi 4 kwa 6 yataka pikseli 1200 kwa 1800; ya inchi 8 kwa 10 yataka 2400 kwa 3000. Kamera ya megapikseli 12 hutoa takriban 3000 kwa 4000, nazo zatosha kwa zote mbili. Lakini picha hiyo ikitumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hupunguzwa, na yaweza kufika ikiwa na 1200 kwa 1600 tu. Ikichapwa kwa inchi 8 kwa 10, hupata pikseli 150 kwa inchi, nusu ya zinazohitajika.

Wapo wasemao, “Ikuzwe tu kwenye kompyuta.” Programu huongeza pikseli kwa kukisia kutokana na zile za jirani. Ni mfano wa kutia maji katika maziwa: ujazo huzidi, maziwa ni yale yale.

Kwa hiyo tunazinasihi familia zetu mambo matatu. Kwanza, picha itumwe kama dokumenti, au ipelekwe studio kwa flashi, ifike kama ilivyopigwa. Pili, anayebadili ukubwa afanye hivyo katika nakala, wala asihifadhi juu ya picha ya asili. Kilichofutwa hapo hakirudi. Tatu, umbo la picha lilinganishwe na la karatasi. Picha nyingi za simu zina uwiano wa 3 kwa 4, na karatasi ya inchi 4 kwa 6 ina 2 kwa 3. Kitu lazima kikatwe pembeni. Ni heri mwenye picha achague mwenyewe pa kukata, mashine isije ikala kofia ya mzee au bega la bibi aliyeketi ukingoni.

Wazee wetu wanatutangulia mmoja baada ya mwingine, na simu hupotea, huibwa na huharibika. Mwenye picha pekee ya mzee wa ukoo ameshika amana ya wengi. Aihifadhi nzima, na nakala yake awape ndugu wawili watatu kabla haijahitajika.

Wabillahi tawfiq.