Lisilosemeka na Liimbwe

Msomaji kijana, wako wazee waheshimiwa wasemao kwamba jukwaa la shule ni mahali pa kusifu mvua, mavuno na wageni, na kwamba mambo ya aibu yaachwe ndani ya nyumba. Nawaheshimu wazee hao, lakini shauri lao silikubali. Aibu ikifungiwa ndani haifi; hukua. Mficha maradhi, kifo humfichua.

Tazama mfano wa nchini mwetu. Mwaka wa 1977, huko Kamiriithu karibu na Limuru, penye mashamba ya chai kama hapa Sosiot, wakulima na vibarua walijenga ukumbi usio na paa kwa mikono yao. Humo walicheza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikikuyu ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, uliojaa nyimbo na ngoma. Kiguunda, maskini mwenye eka moja na nusu, aliweka shamba lake rehani kwa ajili ya kugharimia arusi. Binti yake Gathoni alipewa mimba na mwana wa tajiri, kisha akatupwa. Na shamba likapigwa mnada. Mimba ya msichana na unyang'anyi wa ardhi, mambo yaliyonong'onwa, yakaimbwa mbele ya halaiki.

Kwa nini yaimbwe? Kwa sababu mtu mmoja akisema neno zito, hunyoshewa kidole yeye. Watu hamsini wakiliimba, kidole hakina pa kuelekea. Wimbo hugawa ujasiri kama wanakijiji wagawanavyo mzigo. Tena msikilizaji huondoka nao kinywani, wala hawezi kusema kesho kwamba hakusikia.

Novemba 1977 serikali ilifuta ruhusa ya mchezo huo. Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978, na mwaka wa 1982 ukumbi ukabomolewa. Je, tangu siku hiyo wasichana hawakutupwa tena? Maskini hawakupoteza mashamba? Kilichovunjwa kilikuwa kioo. Uso ulibaki vile vile.

Sasa turudi kwetu. Februari 2023, BBC ilitangaza habari za wanawake zaidi ya 70 wa mashamba ya chai ya Kenya, walioeleza jinsi wasimamizi wao walivyowadhulumu kimwili. Kericho ilitajwa. Ni fedheha kwetu kwamba alihitajika mgeni mwenye kamera ndipo neno hilo litamkwe. Na tohara ya wasichana je? Sheria ya 2011 iliipiga marufuku, lakini sheria haiingii kila jikoni, wimbo huingia. Zamani nyimbo ziliwasindikiza wasichana kwenye kisu. Kwa nini leo zisiwarudishe nyumbani wakiwa salama?

Sisemi jukwaa liwe pango la matusi. Atajaye aibu ili watu wacheke ni mchongezi. Aitajaye ili iponywe ni tabibu. Usitaje jina la jirani yako. Taja tendo, na kila mwenye nalo atajitambua mwenyewe.

Basi, shule yenu itakapotunga mchezo, isifuni mvua mpendavyo. Lakini kwanza mwulizeni mama achumaye chai ndani ya mvua hiyo ni jambo gani amelinyamazia miaka yote. Akiwaambia, liimbeni.