Kijana Mzima, Mkojo wa Rangi ya Chai: Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Morogoro

Ndugu Mganga Mkuu,

Nakuandikia kuhusu vijana wazima ambao misuli yao huvunjika kwa mazoezi, hali ambayo madaktari huiita rabdomayolisisi. Nawaza mwanafunzi anayerushwa kichurachura kuzunguka uwanja kwa kuchelewa mchakamchaka. Nawaza pia wanachuo wanaopanda Mlima Lupanga alfajiri na kurudi mjini jioni.

Mji wetu uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga kinapita 2,100. Wengi huogopa kupanda, kumbe msuli wa paja huchanika zaidi wakati wa kuteremka, unapojikaza huku ukivutwa. Mluguru anayeshusha ndizi sokoni kila wiki, wake umezoea. Wa mwanachuo aliyekaa darasani muhula mzima haujazoea.

Seli za msuli zikipasuka humwaga potasiamu na mayoglobini kwenye damu. Potasiamu huvuruga mapigo ya moyo, mayoglobini huumiza figo. Ndani ya siku moja hadi tatu mapaja huvimba, maumivu hupita uchovu wa kawaida, na mkojo hugeuka kama chai ya rangi.

Mkojo huo ni rahisi kudhaniwa UTI, kichocho au malaria. Kijiti cha kupimia mkojo huonyesha damu, lakini kwenye darubini chembe nyekundu hazionekani, au ni chache mno. Tofauti hiyo imshtue mhudumu. Asimpe kijana diklofenaki, ambayo huzidi kuumiza figo. Amtundikie dripu mapema na kumpeleka kwenye vipimo vya figo na potasiamu.

Tena kuna selimundu. Utafiti wa askari weusi karibu 48,000 wa Jeshi la Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, uliona kwamba wanaobeba kinasaba chake kimoja wana hatari ya tatizo hili iliyo juu kwa asilimia 54. Tanzania wabebaji ni wengi, na wapo wasiojijua.

Nakuomba utoe waraka kwa zahanati na vituo vya afya vyote: kijana mwenye mkojo mweusi aulizwe kwanza amefanya mazoezi au kazi gani siku tatu zilizopita. Kisha ukae na Afisa Elimu wa Mkoa, kichurachura kiondolewe kwenye adhabu za shule kabla muhula ujao haujaanza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Kihonda, Morogoro