Goma: bustani juu ya mawe ya volkano

Mwezi Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu kubwa ya katikati ya mji wa Goma. Hata hivyo, lengalenga huota juu ya mawe hayo: maganda ya viazi na ndizi huozeshwa yawe mbolea, huchanganywa na udongo na kujazwa katika magunia. Tangu vita viingie mjini Januari 2025, benki zilifungwa na wengi wakapoteza kazi. Kijana anayemwagilia pamoja na majirani hapati mboga tu. Anapata sababu ya kuamka. Lakini mwenye kiwanja akikitaka, magunia hutawanywa, na kikundi pia. Wenye viwanja vitupu wawahakikishie wakulima hao angalau msimu mmoja.