Upanga Unaokawia

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wakubwa zetu mliotutangulia katika shule hii, nataka kusema machache juu ya jambo ambalo limezungumzwa sana mabwenini tangu muhula uliopita, nalo ni michezo ya mapigano katika intaneti. Habari zimetufikia ya kuwa wanafunzi wa zamani wamechanga fedha kwa ajili ya chama chetu cha kompyuta, na ya kuwa wengi wao wapenda fedha hizo zinunue kompyuta nne zenye nguvu na kulipia intaneti ya kasi kwa mwaka mzima, ili tupate kushindana na vijana wa Ulaya. Twawashukuru sana. Walakini mimi naona fedha hizo zitazama baharini, na neno hili "baharini" silitumii kwa mfano tu, kama mtakavyoona.

Yafaa kwanza nieleze mchezo wenyewe, kwa maana wako wakubwa zetu ambao katika siku zao mchezo ulikuwa mpira, na mvua ikinyesha, mweso. Katika mchezo wa namna hii mtu hujichagulia mwili wa kuazima. Akitaka huwa askari wa upanga, au mpiga upinde, au mchawi. Huingia katika nchi ya njozi yenye misitu, mazimwi na ngome zilizobomoka, na humo hukutana na watu wa kweli, kila mmoja ameketi mbele ya kioo chake katika nchi yake. Si jambo jipya. Mchezo wa kwanza wa ukoo huu ulianzishwa mwaka 1978 na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, jina lake Roy Trubshaw, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Haukuwa na picha hata moja. Ulikuwa maneno matupu, na mchezaji aliandika "nenda kaskazini" akasubiri kuambiwa ameona nini. Mwaka 1997 ukaja Ultima Online, na mwaka 2001 RuneScape, uliotungwa na Andrew Gower pamoja na ndugu yake Paul. Neno moja wanafunzi walikumbuke: mwanzo wa mambo haya yote ni kijana aliyekuwa bado masomoni.

Sasa, michezo hii ina tabia mbili. Katika tabia ya kwanza, nguvu za shujaa hutokana na saa alizokaa mchezoni. Aliyekata miti elfu na kuua mazimwi elfu ana mkono mzito kuliko aliyeanza jana, hata kama huyu wa jana ana akili mara mbili. Katika tabia ya pili, nguvu ni za mchezaji mwenyewe. Upanga wa adui ukiinuliwa, wewe ndiwe wa kuuona, kuukinga au kujiviringisha upande, na ukichelewa umepigwa, uwe mgeni au mkongwe. Hii ndiyo michezo iitwayo ya ustadi, na hii ndiyo iliyoshika mioyo ya wengi katika chama chetu.

Nami najua sababu. Sisi wa bwenini hatuna simu muhula mzima. Kompyuta za maabara twazipata Jumamosi alasiri, saa mbili, na umeme ukiwapo. Mchezo wa kukusanya saa hautufai hata kidogo, kwa maana kijana wa Berlin mwenye kompyuta chumbani mwake atatutangulia siku zote kama gari linavyomtangulia mwenye miguu. Lakini mchezo wa ustadi hutuambia: njoo na macho yako na vidole vyako, hivyo tu, nasi tutakupima kwa hivyo. Kwa watu kama sisi hapana ahadi tamu kuliko hiyo.

Basi nitasema kwa nini ahadi hiyo haitimizwi Kampala.

Katika mchezo wa intaneti, mwamuzi hakai nasi. Mwamuzi ni kompyuta kubwa iitwayo seva, na yeye peke yake ndiye asemaye nani kapiga kwanza. Seva hiyo iko wapi? Chukua mfano wa Albion Online, mchezo wa Wajerumani uliotoka mwaka 2017 na kuingia katika simu mwaka 2021. Kwanza watu wote walichezea seva ya Marekani. Mwaka 2023 ikafunguliwa ya Asia, na mwaka 2024 ya Ulaya, mjini Amsterdam. Kutoka Kampala hadi Amsterdam, ndege ikienda moja kwa moja, ni kama kilomita 6,300. Lakini amri ya kidole chako haipandi ndege. Yashuka kwa nyuzi za kioo kupita Kenya hadi Mombasa, yazama baharini, yapita Bahari ya Sham, yavuka Misri, yaingia Bahari ya Kati na kupanda Ulaya, na mwendo huo wafika kilomita 10,000 na zaidi.

Mwalimu wetu wa fizikia ametufundisha kasi ya nuru. Ndani ya kioo nuru haiendi kilomita 300,000 kwa sekunde, bali kama 200,000. Gawanyeni wenyewe. Kilomita 10,000 ni sehemu 50 za elfu za sekunde kwa kwenda, na 50 nyingine kwa kurudi, jumla 100. Nazo ni zile ambazo hata mfalme hawezi kuzinunua zipungue. Juu yake ongezeni kila kituo cha njiani ambako ujumbe hungoja zamu yake. Vijana huuita muda huo pingi. Kijana aliyeko Amsterdam pingi yake ni sehemu chache tu. Na jicho la binadamu likiona jambo, kidole huitika baada ya sehemu 200 au 250 hivi. Fikirini basi: mchezo mzima ni kushindana kwa hizo 200, nawe umekwisha kunyang'anywa 100 kabla hujaketi.

Likizo iliyopita nilimwona ndugu mmoja wa kidato cha nne akipigana katika mchezo mmoja wa namna hii, mchezo ambao ukiuawa huko porini wanyang'anywa silaha na mavazi yote. Alikuwa na mavazi aliyoyapata kwa wiki tatu. Adui akainua shoka, na ndugu yetu akakinga. Sisi sote tuliosimama nyuma yake tuliiona ngao ikiinuka kwa wakati wake. Shoka likapita katikati ya ngao kama kwamba ngao ni moshi. Akaanguka. Kwenye kioo chetu alikuwa amekinga, lakini kwa mwamuzi alikuwa hajakinga bado, maana ngao yake ilikuwa njiani, labda karibu na Port Sudan. Mwenzake mmoja akamcheka akasema, "Huna mkono." Maneno hayo yaliniudhi, nami ndiyo niliyoyatilia kalamu leo. Mkono anao. Mara kumi nimemwona akinyakua panzi hewani.

Wakubwa zetu watajibu, "Ndiyo sababu twataka kuwalipia intaneti ya kasi." Hapa ndipo penye kosa la hesabu. Intaneti ya kasi ni barabara pana, na barabara pana huruhusu malori mengi kupita pamoja, lakini haiisogezi Mombasa karibu na Kampala hata kwa hatua moja. Ukilipa mara kumi, filamu itashuka upesi mara kumi. Upanga utafika saa ile ile. Sikatai kuwa tumepiga hatua. Wale waliomaliza shule kabla ya mwaka 2009 wanakumbuka intaneti ya setilaiti, iliyopanda kilomita 36,000 angani na kushuka, ikala karibu nusu ya sekunde kwa kwenda na kurudi. Waya za baharini zilipofika Mombasa mwaka ule, SEACOM na TEAMS, na EASSy mwaka uliofuata, nusu hiyo ilikatwa vipande. Ila kipande kilichobaki ni cha Mungu, si cha kampuni.

Na kuna kukatika kabisa. Februari 2024 waya kadhaa zilikatika katika Bahari ya Sham, na tarehe 12 Mei mwaka ule ule EASSy na SEACOM zikaharibika karibu na pwani ya Afrika Kusini, mtandao ukadhoofu nchi zote za kwetu. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilifungwa Uganda nzima kwa siku tano. Tena tangu Julai 2021 data yatozwa kodi ya asilimia 12, ambayo mzazi huilipa bila kuulizwa kama mwanawe ameshinda au ameshindwa.

Iko michezo yenye saa ya polepole, na haki yanidai niitaje. Old School RuneScape, uliofunguliwa mwaka 2013 na kuingia simuni mwaka 2018, saa yake hupiga pigo moja kila sekunde 0.6. Amri zote zilizowahi kabla ya pigo huhesabiwa pamoja, ya kijana wa London na ya kijana wa Kampala, hata kama ya pili imekuja inahema. Na usidhani hauna ustadi: mpigane na adui abadiliye mshale, upanga na uchawi, nawe ubadilishe kinga tatu kila pigo lipigapo, utaona jasho. Naupenda kwa saa yake. Lakini ni wa ile tabia ya kwanza, ya kukusanya siku na miezi. Hivyo mchezo wenye saa ya haki wataka muda tusio nao, na mchezo usiotaka muda una saa isiyo ya haki.

Shauri langu ni hili: tumlete mwamuzi hapa. Uko mchezo uitwao Veloren, wa nchi ya njozi kama hiyo hiyo, ambao watu wa kujitolea wameujenga tangu mwaka 2018 na kuutoa bure pamoja na maandishi yake yote ya ndani. Mapigano yake ni ya kukinga, kukwepa na kulenga. Na jambo kubwa: mtu yeyote aweza kuendesha seva yake mwenyewe. Fedha za wakubwa zetu zinunue kompyuta moja njema ya kuwa seva, betri ya kuilinda umeme ukizimika, na waya za kuunganisha mashine za maabara. Kutoka dawati hadi seva itakuwa sehemu moja ya elfu, pengine chini yake. Hapo ndugu yetu wa kidato cha nne akishindwa, ameshindwa kweli, na mwenye kumcheka amcheke.

Sitaki kuwaficha taabu iliyopo. Veloren hutaka kompyuta yenye kadi ya picha isiyo dhaifu, na mashine nyingi za maabara ni wazee. Katika hizo huenda tukapata sita au nane zinazofaa, na fedha zikibaki ziongeze chache. Nane zinazopigana kwa haki ni bora kuliko nne nzuri zinazopigwa kutoka Uholanzi. Wale wasemao mchezo wowote ni upotevu wa wakati, sitawajibu hapa; nao waandike makala yao, Mhariri ana nafasi.

Nimesikia pia neno la kwamba tukicheza wenyewe kwa wenyewe tutakuwa wadogo, na kwamba shule yenye sifa yapasa kukutana na dunia. Lakini timu yetu ya mpira haikuanza kwa kwenda Ulaya. Ilianza kwa bweni na bweni, kisha shule na shule. Na shule na shule yawezekana. Tangu mwaka 2001 Kampala ina kituo cha kubadilishana intaneti, UIXP, ambapo makampuni yaliyojiunga hupeana mizigo yao papa hapa mjini, bila ujumbe wa kutoka Makerere kwenda Ntinda kuzungushwa Ulaya kwanza. Seva yetu ikiunganishwa vizuri, mwanafunzi wa Namilyango au Gayaza aweza kuingia kwa pingi ndogo kuliko kupepesa jicho, naye na mimi tutakuwa tumeketi kama wachezaji wawili wa mweso, ubao mmoja katikati, mashimo 32 na kete 64, hakuna aliye mbali na kete kuliko mwenziwe.

Nami nadhani faida nyingine itapita hiyo. Katika mchezo wa wageni sisi ni wateja tu. Hatujui mwamuzi aamuaje. Katika mchezo ulio wazi twaweza kufungua maandishi yake na kusoma mahali hasa panaposemwa shoka limekutana na ngao. Wanafunzi wawili wa kidato cha tano wamekwisha anza kujifunza lugha ya Rust, ambayo kwayo uliandikwa, na wote wawili hawakuwahi kuonekana maktaba Jumapili kabla ya hapo.

Mkutano wa chama na wakilishi wa wanafunzi wa zamani utafanyika kabla ya kufunga shule. Miongoni mwa wakubwa zetu najua wako wafanyao kazi katika makampuni ya simu na ya intaneti hapa mjini. Hao nawaomba waje na kitu kimoja zaidi ya fedha, yaani Jumamosi moja: waje na vipimo vyao, wapime pingi kutoka maabara yetu hadi Amsterdam na kutoka maabara hadi chumba cha pili, waandike tarakimu mbili hizo ubaoni mbele ya wanachama wote, kisha tupige kura.